Maabara kwenye simu, kazi mikononi mwa kundi: mwongozo kwa walimu wa vyuo vikuu vya Lubumbashi

Mwalimu anayetaka kuingiza vyombo vya mtandaoni katika kozi yake huanza mara nyingi na swali la chombo: nitumie kipi? Swali hilo lije la tatu. La kwanza ni kazi gani ambayo mwanafunzi mmoja hawezi kuimaliza peke yake. La pili ni nini kitabaki mkononi umeme ukikatika TP (kazi ya vitendo) ikiwa katikati. Ukishajibu hayo mawili, chombo chenyewe hujichagua, na mara nyingi si kile kinachosifiwa sana.

Mwongozo huu ni kwa asistanti, CT (chef de travaux) na profesa mwenye promosyo ya wanafunzi 80 hadi 300, wengi wana simu ya Android na wachache wana laptopu. Tunachukulia pia kwamba huwezi kumdai mwanafunzi anayetoka mitaa ya Katuba au Ruashi anunue mega (data ya intaneti) kila siku kwa ajili ya kozi moja tu.

Hesabu kwanza

Mpe CP (kiongozi wa promosyo) karatasi yenye safu nne: jina, aina ya simu, nafasi iliyobaki kwenye simu, laptopu (ndiyo au hapana). Usiulize tu "una simu?", maana wote watasema ndiyo, na siku ya TP utagundua kwamba theluthi moja wana simu ambazo kivinjari chake hakijasasishwa tangu zinunuliwe, au kioo kimepasuka mahali pale pale pa kubofya. Siku ya kuorodhesha, peleka faili moja ya majaribio na kila mtu aifungue mbele ya CP. Ikifunguka, weka alama. Isipofunguka, andika sababu.

Panga makundi ya watu wanne kwa kutumia orodha hiyo, kila kundi liwe na simu mbili zilizofaulu jaribio, na laptopu moja ikipatikana. Watatu ni wachache, kwa kuwa mmoja akikosa kazi inasimama. Sita ni wengi, na wawili wao watapanda mgongoni mwa wenzao bila aibu. Panga wewe mwenyewe. Makundi ya marafiki yana raha, lakini huishia simu nzuri zote kukaa kundi moja.

Halafu piga hesabu ya mega. Video inayotiririka kwa megabiti 1 kwa sekunde hula megabaiti 450 kwa saa. Sauti peke yake kwa kilobiti 64 kwa sekunde hula kama megabaiti 29. Faili ya simulesheni ya megabaiti chache hupakuliwa mara moja na kutumika muhula mzima bila mtandao. Kwa hiyo somo la video la moja kwa moja kwa promosyo nzima ndilo tumizi baya kuliko yote la mega za wanafunzi, ingawa ndilo la kwanza kuja akilini. Lihifadhi kwa mgeni anayezungumza kutoka mbali, na hata hapo mwonyeshe kwa projekta moja ndani ya oditwari.

Mtandao wa darasani usio na intaneti

Jambo hili linawatisha walimu bure. Unahitaji laptopu moja, ruta moja ya kawaida ya WiFi, na programu ya Python iliyowekwa kwenye laptopu. Intaneti haihitajiki siku ya somo.

Nyumbani au ofisini, penye mtandao, pakua simulesheni. Kwa fizikia, kemia, hisabati na biolojia anza na PhET, mradi wa Chuo Kikuu cha Colorado Boulder ulioanzishwa mwaka 2002 na Carl Wieman, mshindi wa Nobel ya fizikia ya 2001. Ni za bure, nyingi zina tafsiri ya Kifaransa na baadhi zina ya Kiswahili. Zile za HTML5 hupakuliwa kama faili moja tu yenye mwisho wa .html. Ipe jina fupi lisilo na nafasi wala herufi za alama, mfano beer.html, uiweke kwenye folda C:\tp. Zima WiFi ya laptopu, fungua faili, hakikisha inacheza. Simulesheni za zamani za Java ziache. Zitakupotezea nusu ya somo.

Siku ya TP, fungua dirisha la amri ndani ya folda hiyo na uandike:

python -m http.server 8000

Windows itauliza kama iruhusu Python kupita kwenye ukuta wa usalama. Kubali kwa mtandao binafsi. Unganisha laptopu na ruta kwa kebo, kisha andika ipconfig uone anwani yako, tuseme 192.168.0.10. Ingia kwenye mipangilio ya ruta na uifunge anwani hiyo kwa laptopu yako, isibadilike kila siku. Wanafunzi wataunganisha WiFi na kuandika http://192.168.0.10:8000 kwenye Chrome. Wataona orodha ya faili, wabofye moja.

Kinachoharibika hapa kinajulikana, na karibu kila mara ni kimojawapo cha hivi.

Simu inaona WiFi haina intaneti, inarudi kimyakimya kwenye data ya mtandao wa simu, na ukurasa haufunguki. Dawa yake ni kuzima data kabla ya kuanza, na simu ikiuliza kama ibaki kwenye WiFi isiyo na intaneti, kujibu ndiyo.

Kivinjari kimeongeza "https" chenyewe. Ni lazima iandikwe http, bila s. Andika anwani nzima ubaoni kwa herufi kubwa, pamoja na nukta mbili na 8000.

Laptopu inaonekana kwenye kebo lakini simu haziioni: ruta imewekwa mtandao wa wageni, au imewashwa kinga inayozuia vifaa kuonana. Zima kinga hiyo.

Laptopu imelala. Weka mipangilio isilale hata ikifunikwa.

Kuna anayedhani anaweza kutumia hotspoti ya laptopu badala ya ruta. Hotspoti ya Windows hupokea vifaa 8 tu, na hukataa kuwaka kama laptopu yenyewe haina muunganisho wowote wa kugawa. Hotspoti ya simu huwaka hata bila mega, lakini nayo mara nyingi huishia vifaa kumi hivi. Inatosha kwa kundi la majaribio, si kwa oditwari.

Ruta ya nyumbani hubeba simu 20 hadi 30 bila kulalamika. Promosyo ya 80 ina makundi 20. Kila kundi lifungue simu moja kwanza, safu kwa safu, la pili baadaye. Faili ikishafunguka, simulesheni inachezea ndani ya simu na haigusi tena mtandao, kwa hiyo waambie mapema wasibonyeze kitufe cha kupakia upya. Kwa 160 tumia ruta mbili, moja kwenye chaneli 1 na nyingine kwenye 11, zikae pande mbili za chumba.

Njia ya kupitisha faili kwa WhatsApp au Xender nayo inawezekana, na inamwezesha mwanafunzi kurudia nyumbani. Tahadhari moja: Android mara nyingi hufungua faili ya .html kwa kisomaji kidogo kisichoendesha kitu, na skrini inabaki nyeupe. Achague "fungua kwa Chrome". Kwenye iPhone hakiki ya faili pia haitacheza. Huyo atumie mtandao wa darasani.

Sasa umeme. Ruta ya volti 12 na kompyuta ndogo ya Raspberry Pi (ukiamua kuachana na laptopu) hula pamoja kama wati 13. Betri ya risasi ya volti 12 na Ah 7, ile ya alamu na UPS ndogo, ina Wh 84; usitumie zaidi ya nusu kama unataka idumu. Wh 42 kwa wati 13 ni kama saa tatu, yaani TP nzima na akiba juu. Ruta inaungwa moja kwa moja kwenye betri, Pi kupitia chaja ya gari ya 5 V yenye ampea 3. Usichaji betri huku ruta imeungwa humo humo: chaja hupandisha volti hadi 14 na zaidi, na ruta za bei ya chini hazipendi. Msimu wa mvua, Novemba hadi Machi, chomoa kila kitu ukutani radi ikianza kunguruma.

TP moja kuanzia mwanzo hadi mwisho: shaba, mwanga na mstari

Tuchukue mfano wa kemia unaomfaa mwanafunzi wa metalujia au wa maabara ya mgodi: sheria ya Beer na Lambert, kwa simulesheni ya PhET iitwayo Beer's Law Lab. Ndani yake kuna salfati ya shaba na pia nitrati ya kobalti. Kwa mji huu ingekuwa ajabu kuchagua rangi ya juisi, ambayo nayo imo.

Sheria yenyewe ni A = ε·l·c: ufyonzaji wa mwanga ni zao la kigezo cha kemikali, upana wa chombo na ukolezi. Ufyonzaji hupatikana kutokana na upitishaji T kwa A = −log T. Mwanga ukipita asilimia 50, A ni 0,301. Ukipita asilimia 10, A ni 1. Ukipita asilimia 1, A ni 2.

Dakika 15 za kwanza simu zote ziko mfukoni. Kila mwanafunzi anachora kwenye karatasi, kwa kalamu, jinsi anavyotarajia grafu ya T kwa c, na grafu ya A kwa c. Anasaini, unakusanya. Usiruke hatua hii. Simulesheni isiyotanguliwa na utabiri ni mchezo: watavuta vitufe, watafurahia rangi, wataondoka na wazo lile lile walilokuja nalo, kwa kuwa hawakuwahi kulitamka. Karatasi pia inamkinga mwanafunzi na kishawishi cha kuiuliza akili bandia kabla hajafikiri.

Piga kura kwa vidole juu ya swali moja: ukolezi ukiongezeka mara mbili, mwanga unaopita unapungua kwa nusu? Eric Mazur wa Harvard ndiye aliyeeneza utaratibu huu katika fizikia: kila mmoja apige kura peke yake, wajadiliane na jirani, wapige tena. Waliopata wakiwa kati ya asilimia 30 na 70, mjadala unazaa. Wakiwa chini ya hapo, rudi ukafafanue kwanza. Wakiwa juu, songa mbele, usiwachoshe. Wanafunzi wajadili kwa Kiswahili kama wanavyozungumza nje, wakaandike kwa Kifaransa. Ukilazimisha mjadala wenyewe uwe wa Kifaransa, watazungumza wawili kila kundi.

Kisha simu zinatoka. Nenda sehemu ya pili ya simulesheni, chagua salfati ya shaba, urefu wa wimbi uliopangwa tayari, kigunduzi kionyeshe ufyonzaji. Gawa kazi hivi:

Mwanafunzi wa kwanza: chombo cha sm 1, ukolezi wa milimoli 25, 50, 75, 100, 125 na 150 kwa lita, aandike A.

Wa pili: ukolezi huo huo, chombo cha sm 2.

Wa tatu: ukolezi wa 100 na chombo cha sm 1 bila kubadilika, abadilishe urefu wa wimbi kutoka zambarau hadi nyekundu kwa hatua sita.

Wa nne: achukue T badala ya A kwa ukolezi ule ule wa wa kwanza, na akokotoe A kwa kalkuleta.

Sasa toa swali ambalo hakuna safu moja inayolijibu: tafuteni ε, mwonyeshe kwa nini mteremko wa pili ni mara mbili ya wa kwanza, na mseme kwa nini mtu angekosea sana kama angepima shaba kwa mwanga wa buluu. Jibu la mwisho linatoka kwa yule wa tatu: mmumunyo ni wa buluu kwa kuwa unameza nyekundu na kuacha buluu ipite, kwa hiyo kwenye buluu A inakaribia sifuri na hakuna cha kupima. Kundi ambalo wa tatu hakufanya kazi yake litakwama, na kila mtu ataona limekwama wapi. Hapo ndipo ushirikiano unapokuwa wa lazima, usiwe wa kupendeza tu.

Mwisho wape thamani ya A ya mmumunyo usiojulikana, waseme ukolezi wake.

Kuna uongo mmoja ndani ya simulesheni ambao lazima uusahihishe: pointi zote zinakaa juu ya mstari kama zilizochorwa kwa rula. Spektrofotometa halisi (kifaa cha kupimia ufyonzaji) haifanyi hivyo. Kyuveti (kichupa cha kupimia) ina alama ya kidole, mwanga wa pembeni unaingia, na A ikizidi 2 kifaa kinapima karibu giza tupu. Mmumunyo wa kweli wa kiwandani una chuma na asidi pamoja na shaba. Ongeza kelele mwenyewe kwenye jedwali: safu mpya, A pamoja na (ALEA()-0,5)*0,04, ambapo ALEA ni fomula ya namba nasibu. Sasa waombe mteremko kwa PENTE() na waone makundi mawili yanapata ε tofauti kidogo. Mazungumzo yanayofuata juu ya makosa ya kipimo ni bora kuliko ukurasa wowote wa silabusi. Lakini hayaondoi haja ya kushika kyuveti kwa mkono. Simulesheni inatangulia maabara, inafanya saa moja ya maabara isipotee kwenye kuuliza "kitufe hiki cha nini", na inatosha peke yake pale tu ambapo kifaa hakipo kabisa.

Kwa masomo mengine njia ni ile ile. GeoGebra kwa hisabati na NetLogo kwa epidemiolojia au ikolojia hukaa kwenye laptopu bila mtandao. DWSIM ni programu huria ya michakato ya kemia; ni nzito kwa simu, itumieni kwa laptopu moja kila kundi.

Hati za pamoja

Google Docs na Sheets huruhusu watu 100 kuhariri kwa wakati mmoja. Hiyo si ruhusa ya kuwaingiza 100. Tengeneza hati moja kwa kila kundi, ukianza na kiolezo kimoja: kwenye linki yake badilisha neno edit la mwisho liwe copy, na kiongozi wa kila kundi atapata nakala yake badala ya kuandikia juu ya kiolezo chako. Mshirikishe mwalimu kwa barua pepe yake, si kwa linki ya "yeyote mwenye linki", ambayo itafika kwenye kundi la WhatsApp la promosyo nyingine kabla ya jioni.

Kila mwanafunzi aingie kwa akaunti yake. Anayehariri bila kuingia huonekana kama mnyama asiye na jina, na kwenye historia ya matoleo hakuna namna ya kujua ni nani. Sema siku ya kwanza: mnyama hapati pointi.

Kila mtu awe na kichwa chake cha sehemu ndani ya hati. Docs huunganisha vizuri maandishi ya walioandika bila mtandao kisha wakaunganishwa, ila wawili wakiandika upya aya moja wote wakiwa nje ya mtandao, matokeo ni mchanganyiko usiosomeka. Hali ya bila mtandao lazima iwashwe mtandao ukiwepo bado. Wengi hukumbuka delestaji (mgao wa umeme) imeshaanza.

Kwenye majedwali, mkosaji mkubwa ni nukta ya desimali. Simulesheni inaonyesha 0.45, jedwali lililowekwa Ufaransa linataka 0,45. Ukiandika 1.5 linaweza kuigeuza tarehe moja Mei, na grafu inatoka kama milima ya Mitumba. Chagua nchi moja kwa kila mtu kwenye mipangilio ya faili, uandike ubaoni ipi. Fomula nazo hubadilika: mahali penye PENTE kwa Kifaransa, Kiingereza kina SLOPE, na alama ya kutenga kwa Kifaransa ni nukta mkato badala ya mkato. Kinga pia safu za data ambazo hazipaswi kuguswa.

Kama unataka uandishi wa pamoja bila intaneti kabisa, weka Etherpad kwenye ile laptopu ya darasani. Inahitaji Node.js, na huitwa kwenye lango 9001. Kila mwandishi ana rangi yake, na kuna kitelezo kinachoonyesha maandishi yalivyokua. Haina majedwali. Kwa majedwali siku ya namna hiyo, karatasi ya A3 na picha ya simu vinafanya kazi nzuri kuliko heshima vinayopewa.

WhatsApp ni ubao wa matangazo. Kundi moja ambalo msimamizi peke yake ndiye anayeandika, jingine la maswali. Kazi isipitie humo: mafaili yanafunikwa na salamu na pole za misiba, sauti za dakika nne haziwezi kutafutwa, na mwenye simu iliyojaa hufuta kila kitu.

Simulesheni ya watu: mazungumzo ya mgodi

Kwa sheria, uchumi na sayansi za jamii, simulesheni nzuri haina haja ya programu. Inahitaji jedwali moja la pamoja na majukumu yenye siri. Katika mkoa huu mada ipo tayari: cahier des charges, yaani hati ya ahadi za maendeleo kati ya kampuni ya madini na jamii inayoizunguka.

Msingi wa takwimu uwe sheria halisi. Sheria ya madini (Code minier) ya 2002, ilivyorekebishwa na sheria namba 18/001 ya tarehe 9 Machi 2018, inaitaka kampuni itoe angalau asilimia 0,3 ya mauzo yake kwa maendeleo ya jamii. Mrabaha wa shaba ni asilimia 3,5, wa kobalti kama madini ya kimkakati ni asilimia 10. Mrabaha hugawanywa asilimia 50 serikali kuu, 25 mkoa, 15 ETD (entité territoriale décentralisée, yaani mamlaka ya eneo), na 10 mfuko wa vizazi vijavyo.

Tengeneza kampuni ya kubuni yenye mauzo ya shaba ya dola milioni 200 kwa mwaka. Karatasi ya kwanza ya jedwali imefungwa na inakokotoa yenyewe: dola 600 000 za jamii; mrabaha wa milioni 7, tukichukua milioni 200 hizo kama thamani ghafi ya madini, na humo milioni 1,05 za ETD. Karatasi ya pili ni mapendekezo, ya tatu makubaliano. Usitumie jina la kampuni halisi wala kijiji chenye mgogoro. Ndani ya promosyo kuna watoto wa wafanyakazi wa kampuni na watoto wa waliohamishwa mashamba, na kufikia wiki ya pili hutakuwa unafundisha tena.

Majukumu matano: kampuni, ETD, chifu na wazee wake, wakulima waliopoteza mashamba, vijana wasio na kazi. Kila jukumu linapata ukurasa wa siri wenye jambo moja ambalo wengine hawalijui: kampuni inajua itachelewa kuuza miezi sita, wakulima wanajua kisima kipi hukauka Septemba, ETD inajua kituo cha afya kina jengo bila muuguzi. Bila siri hizo hakuna mazungumzo, kuna kusomeana hotuba.

Wiki ya kwanza kusoma. Wiki ya pili mapendekezo ya maandishi, na wengine wanaruhusiwa kutoa maoni pembeni tu, si kuhariri. Kila pendekezo lazima liwe na kiasi, kisanduku cha jedwali kilikotoka, na nani atatekeleza. Wiki ya tatu, ana kwa ana kwa dakika 90. Dakika ya 40, bila kuonya, shusha bei ya shaba kwenye karatasi iliyofungwa kwa asilimia 20. Laki sita zinakuwa 480 000 mbele ya macho yao, na shule waliyokwisha kukubaliana haina tena pesa ya paa. Nyamaza, waache wagombane. Wiki ya nne kila kundi linaandika hati ya mwisho, na kila mwanafunzi ukurasa mmoja wake mwenyewe: alikubali nini ambacho jukumu lake halikupaswa kukubali, na kwa nini.

Pointi na tarehe za mwisho

Chuo chako kikiwa na Moodle (jukwaa la kozi za mtandaoni), shughuli ya Warsha hufanya kazi ya wanafunzi kusahihishana: huanza na pointi 80 za kazi iliyotumwa na 20 za ubora wa usahihishaji, na unaweza kubadilisha. Tumia vigezo vitatu au vinne vyenye maelezo ya pointi kila ngazi. Ukiwapa kigezo kinachosema tu "kazi nzuri", wote watapata 18 juu ya 20. Bila Moodle, gawa alama kati ya kazi ya kundi na swali la mdomo la dakika tatu kwa mwanafunzi mmoja unayemchagua pale pale. Uliza juu ya safu ambayo hakuifanya yeye. Wakishajua hivyo, wataelezana.

Usiweke tarehe ya mwisho saa sita usiku. Ni saa ambayo mtandao umejaa na mitaa mingi iko gizani, na utakachopima ni nani anaishi karibu na kampasi ya Kasapa. Toa dirisha la saa 72, linaloishia mchana siku ya kazi, na upokee pia picha ya karatasi iliyosainiwa na kundi zima. Siku hiyo hiyo nakili folda ya kazi zote kwenye flashi mbili, moja ibaki kwa CP.